Uchafu Wenye Kibali: Mafuta, Gesi na Bahari Iliyo Mbele Yetu

Ukitajwa uchafuzi wa mafuta baharini, wengi hukumbuka Aprili 2010: mtambo wa Deepwater Horizon unawaka katika Ghuba ya Meksiko, watu 11 wamepoteza maisha, na kisima kinatapika mafuta kwa siku 87 kabla ya kuzibwa. Serikali ya Marekani ilikadiria kwamba yalitoka mapipa milioni 4.9, mahakama baadaye ikaamua kwamba yaliyoingia baharini yalikuwa milioni 3.19. Msiba ule ni mzito na sina nia ya kuupunguza uzito wake. Hata hivyo nawaombeni tuuweke kando kwa muda, kwa kuwa umetuzoesha kudhani kwamba bahari huchafuliwa siku ambayo kitu kimeharibika. Ninayokuja kuwaeleza jioni hii ni kwamba sehemu kubwa ya madhara ya uchimbaji wa mafuta na gesi baharini hutokea katika siku za kawaida kabisa, mitambo ikifanya kazi vizuri, vipimo vikiwa ndani ya kiwango, na kibali cha serikali kikiwa halali. Ikiwa ndivyo, basi mahali pa kuilinda bahari ni katika masharti ya kibali hicho, na masharti hayo huwa na nguvu yakiandikwa kabla mtambo haujasanifiwa. Ushahidi wangu mwingi unatoka Bahari ya Kaskazini, baina ya Uingereza na Norwei, kwa sababu huko kazi hii imefanyika kwa zaidi ya nusu karne na imepimwa kuliko karibu mahali pengine popote.

Tuanze na kisima chenyewe. Kekee inaposhuka ardhini, husukumiwa tope maalumu ndani ya bomba. Tope hilo hupoza kekee, huzuia shinikizo la gesi na mafuta lisipande ghafla, na hubeba juu chenga za miamba iliyosagwa. Uzito wake mara nyingi hutokana na madini ya bariti, ambayo huja na chembe za zebaki, kadimi na risasi. Katika miaka ya mwanzo ya Bahari ya Kaskazini, tope lililopendwa kwa visima virefu na vya mshazari lilichanganywa na dizeli, baadaye na mafuta mengine yaliyosafishwa zaidi. Chenga ziliporudi juu zilichujwa kidogo, kisha zikamwagwa chini ya jukwaa zikiwa bado zimelowa mafuta. Hazikusambaa mbali. Zilirundikana kisima baada ya kisima, na chini ya majukwaa ya zamani vikajengeka vichuguu vya takataka ambavyo vipo hadi leo. Ndani ya vichuguu hivyo hakuna oksijeni ya kutosha, kwa hiyo mafuta yaliyofukiwa miaka ya 1970 na 1980 yanaoza polepole mno.

Madhara ya chenga hizo hayakubaki chini ya jukwaa. Mwaka 1995 wanasayansi Frode Olsgard na John Gray wa Chuo Kikuu cha Oslo walichapisha uchambuzi wa takwimu zilizokusanywa kuzunguka maeneo mengi ya uchimbaji ya Norwei. Waligundua kwamba baada ya miaka sita hadi tisa, uchafu ulikuwa umefika kilomita mbili hadi sita kutoka kwenye majukwaa, na kwamba jamii za viumbe wa sakafuni, yaani minyoo, chaza na wengineo, zilikuwa zimebadilika. Viumbe wasiostahimili walipungua. Wachache wanaostahimili uchafu wakatawala. Mtu anaweza kuuliza, minyoo ya bahari inatuhusu nini? Inatuhusu kwa sababu samaki wa chini huishi kwa kuila, na kwa sababu minyoo ndiyo inayofukua na kupitisha hewa katika tope la sakafu. Takwimu hizo zilikuwepo kwa sababu Norwei ilizilazimisha kampuni kupima sakafu ya bahari, tena kwa njia iliyowezesha kulinganisha eneo moja na jingine. Leo upimaji huo hufanyika kwa zamu, kila mkoa wa bahari mara moja katika miaka mitatu. Bila sharti la kupima, ubishi kati ya mvuvi na kampuni ungebaki kuwa neno la huyu dhidi ya neno la yule.

Kanuni zilikaza hatua kwa hatua. Norwei iliweka kuanzia 1993 kwamba chenga zenye mafuta zaidi ya asilimia moja ya uzito zisimwagwe. Mwaka 2000 nchi za Mkataba wa OSPAR, unaolinda Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki, zikaafikiana juu ya kiwango hichohicho. Kwa kuwa kukifikia kiwango hicho ni kazi ngumu, kampuni zilianza kusafirisha chenga hadi nchi kavu kuzisafisha, au kuzisaga na kuzisukuma tena ardhini. Kampuni hazikuhitaji kusubiri uvumbuzi wa ajabu. Njia ya bei rahisi ilifungwa, na njia nyingine ikapatikana.

Uchafu wa pili ni maji, na kwa wingi huupita mwingine wote. Mafuta na gesi hukaa ardhini pamoja na maji ya chumvi ya kale. Kisima kikiwa kichanga maji ni kidogo. Kinavyozeeka maji huongezeka, hadi eneo kongwe linaweza kutoa maji mengi kuliko mafuta kwa mara kadhaa. Maji hayo hutenganishwa na mafuta, husafishwa, kisha humwagwa baharini. Kiwango cha OSPAR ni miligramu 30 za mafuta katika lita moja. Marekani inaruhusu wastani wa 29 kwa mwezi. Namba hiyo inasikika ndogo. Lakini tuseme jukwaa moja linamwaga mita za ujazo 10,000 kwa siku na kutii kanuni kikamilifu: ni kilo 300 za mafuta kila siku, karibu tani 110 kwa mwaka, na hakuna sheria iliyovunjwa. Majukwaa ya Norwei kwa jumla humwaga zaidi ya mita za ujazo milioni 100 za maji hayo kwa mwaka. Ingawa kwa wastani Wanorwei wamefika chini kabisa ya kiwango cha 30, katika mwaka wa kawaida mafuta yanayoingia bahari yao kwa njia hii ni mengi kuliko yanayomwagika kwa ajali. Mwaka kama 2007, mafuta yalipomwagika kwa wingi kwenye jukwaa la Statfjord A, ni wa nadra.

Tena namba ya miligramu 30 inahesabu matone ya mafuta tu. Haihesabu vitu vilivyoyeyuka ndani ya maji: benzini na jamii yake, hidrokaboni zenye pete nyingi ambazo baadhi husababisha saratani, alkilifenoli zinazoiga homoni za kike, radiamu ya asili inayotoa mionzi, pamoja na dawa zinazotiwa na kampuni kuzuia kutu na kuua bakteria ndani ya mabomba. Chujio linalokamata matone halikamati vitu hivi. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari ya Norwei huko Bergen walionyesha kwamba samaki aina ya kodi waliolishwa alkilifenoli hupata hitilafu katika uzazi. Katika samaki aina ya hadoki waliovuliwa kwenye maeneo yenye majukwaa mengi, watafiti walikuta dalili za madhara kwenye vinasaba. Haijathibitishwa kwamba wingi wa samaki wote umeporomoka kwa sababu hiyo, na ni haki kulisema wazi. Kilichothibitishwa ni kwamba samaki anaguswa, na anaguswa na uchafu ulioruhusiwa.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linaposimama, nalo ni la zamani kuliko sekta yenyewe: bahari ni kubwa, itayameza yote. Pingamizi hili lina chembe ya kweli kwa vitu vinavyoyeyuka na kuoza upesi. Maji ya kisima yakimwagwa penye mkondo, mita mia kadhaa tu mbele huwa yamechanganyika mara elfu au zaidi. Lakini hoja hiyo inashindwa mahali pawili. Chenga haziyeyuki, huzama na kukaa. Na sumu zinazopenda mafuta kuliko maji hazitawanyiki sawasawa. Hukimbilia mafuta ya mwili wa kiumbe, na mayai ya samaki pamoja na samaki wachanga wanaoelea hawana uwezo wa kuondoka zinapopita. Majaribio ya Norwei na Marekani juu ya vijusi vya hadoki na jodari yameonyesha kwamba kiasi kidogo sana cha mafuta ghafi huharibu umbo na mapigo ya moyo unaoanza kuundwa. Bahari nzima ni kubwa, ndiyo, ila yai la samaki linaishi katika tone lake, na swali ni kilichomo ndani ya tone hilo kwa saa chache zinazoamua uhai wake.

Nageukia hewa. Jukwaa la baharini ni mji mdogo wenye kiwanda, na umeme wake kwa kawaida hutokana na turbaini zinazochoma gesi ya kisima chenyewe. Ndizo chanzo kikuu cha hewa ukaa inayotoka Norwei katika kazi hii. Juu yake kuna mwenge, ule moto unaoonekana usiku kutoka mbali, ambamo gesi isiyo na soko au isiyo salama kuhifadhiwa huchomwa. Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2023 mita za ujazo zipatazo bilioni 148 za gesi zilichomwa hivyo duniani, nchi kavu na baharini. Watu hudhani mwenge ni upotevu wa mali tu. Shida kubwa zaidi ni gesi isiyoungua. Methani ikitoka bila kuungua, kwa miaka 20 ya mwanzo hushika joto zaidi ya mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Hesabu za serikali nyingi zilichukulia kwamba mwenge huunguza asilimia 98 ya methani. Mwaka 2022 watafiti waliorusha ndege juu ya maeneo makubwa ya mafuta ya nchi kavu Marekani walikuta kwamba kwa hakika ni kama asilimia 91, kwa sababu baadhi ya mienge huwaka vibaya na mingine huwa imezimika kabisa. Tofauti hiyo ya asilimia saba ina maana methani iliyotoka ilikuwa karibu mara tano ya iliyoandikwa.

Baharini ni vigumu zaidi kujua. Setilaiti hutambua methani kwa mwanga wa jua unaorudishwa kutoka ardhini, na maji ni meusi, hurudisha mwanga kidogo mno. Inabidi setilaiti ipite kwa pembe ambayo jua linametameta juu ya mawimbi. Kwa njia hiyo wanasayansi waliona jukwaa moja la Meksiko likitoa takriban tani 40,000 za methani ndani ya siku 17 za Desemba 2021, bila moto. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti mwingine, uliofanywa kwa ndege katika maji ya Marekani ya Ghuba ya Meksiko: mchango wa uzalishaji ule katika kuongeza joto la dunia ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule unaotokana na takwimu rasmi, hasa kwa sababu ya majukwaa ya zamani ya maji ya kina kifupi. Hayo yametokea katika nchi yenye maabara, ndege na sheria. Takwimu inayojazwa na mwenye mtambo kwa kukisia, bila mtu mwingine kupima, haistahili kuitwa takwimu.

Je, haiwezekani kufanya vizuri zaidi? Inawezekana, na sababu yake haikuwa hisani ya kampuni. Eneo la Ekofisk liligunduliwa mwishoni mwa 1969, na mwaka 1971 Bunge la Norwei lilipokea misingi kumi ya siasa ya mafuta. Mmojawapo ulisema gesi inayoweza kutumika isichomwe, isipokuwa kwa muda mfupi wa majaribio. Uchimbaji ulikuwa ndio kwanza unaanza, na nchi haikuwa bado tajiri wa mafuta. Matokeo yake, mabomba ya gesi yalisanifiwa pamoja na majukwaa. Mwaka 1991 ikaja kodi ya hewa ukaa iliyohusu majukwaa ya baharini. Gesi ya Sleipner Magharibi ilikuwa na asilimia tisa hivi ya hewa ukaa, ambayo ilipaswa kupunguzwa ili gesi iuzike. Pasipo kodi, hewa ukaa hiyo ingeachiwa angani. Kwa kuwa kuiachia kulikuwa na bei, kuanzia 1996 imekuwa ikisukumwa kwenye tabaka la mchanga liitwalo Utsira, mita 800 na zaidi chini ya sakafu ya bahari, karibu tani milioni moja kwa mwaka katika miaka mingi. Mwaka huohuo jukwaa la Troll A lilianza kazi likitumia umeme wa kutoka nchi kavu badala ya turbaini.

Mfano wa kinyume ni Brent, upande wa Uingereza, eneo lililoanza kuzalisha mwaka 1976. Misingi mikubwa ya zege ya majukwaa yake ilijengwa bila mpango wa kuiondoa. Mwaka 1995 Shell ilipotaka kulizamisha tangi la Brent Spar katika Atlantiki, upinzani Ulaya ulikuwa mkali kiasi cha kampuni kurudi nyuma, na mwaka 1998 nchi za OSPAR zikapiga marufuku kuitupa mitambo baharini. Marufuku hayo yaliacha mlango kwa misingi ya zege, na kwa mlango huo Shell iliomba kuiacha ilipo, pamoja na masalia ya mafuta yaliyo ndani ya matangi yake. Ujerumani ni miongoni mwa waliopinga. Sioni jibu jepesi hapo. Kuiondoa ni hatari kwa wafanyakazi, kuiacha ni kuwarithisha wajukuu zege linalopasuka. Ugumu wote huo ulizaliwa kwenye ubao wa mchoraji miaka ya 1970.

Mabibi na mabwana, hayo yanatuhusu sisi wa pwani hii moja kwa moja. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, na inafika Dar es Salaam tangu 2004. Visima vya Mnazi Bay vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Tangu 2010 gesi nyingi zaidi imegunduliwa katika vitalu vya kina kirefu nje ya Lindi na Mtwara, baadhi yake penye maji ya zaidi ya mita 2,000. Tanzania inahesabu jumla ya futi za ujazo trilioni 57 zilizogunduliwa. Juni 2022 Serikali ilitia saini makubaliano ya awali na Equinor na Shell juu ya mradi wa kusindika gesi hiyo Lindi. Upande wa pili wa Ruvuma, mtambo unaoelea wa Coral Sul ulipakia shehena yake ya kwanza Novemba 2022. Sasa tazameni mwendo wa maji. Mkondo wa Ikweta wa Kusini hufika pwani karibu na Rasi Delgado, na tawi lake moja hupanda kaskazini mwaka mzima, kwa nguvu zaidi wakati wa kusi. Kinachoelea mbele ya Mtwara kiko njiani kuelekea Kilwa, Mafia, Unguja na Pemba, penye mikoko ya delta ya Rufiji na matumbawe ambamo samaki wetu huzaliana na wavuvi wetu hula.

Wapo watakaosema gesi yetu ni safi, na hofu ya Bahari ya Kaskazini haituhusu. Kwa sehemu wana haki. Gesi ya bonde la Ruvuma ni kavu, karibu yote ni methani, hewa ukaa yake ni ndogo, na visima vya gesi hutoa maji machache kuliko visima vya mafuta. Lakini chenga za kuchoronga zitakuwepo, tena kwenye kina chenye baridi ambako viumbe hukua taratibu na uchafu huoza taratibu zaidi. Mabomba ya kina hicho huhitaji kemikali, mara nyingi glikoli, kuzuia gesi na maji visigande kuwa kama barafu na kuziba njia. Na kwa sababu gesi hii ni methani tupu, kila inapovuja ni ile gesi kali niliyoieleza. Usafi wa gesi dhidi ya makaa ya mawe au mkaa wa kuni ni kweli pale tu ambapo uvujaji ni mdogo, na uvujaji haujulikani bila kupimwa.

Pingamizi zito zaidi ni lile la haki. Ulaya ilitajirika kwa kuchafua. Kwa nini tuwekewe masharti wakati wanafunzi wetu bado wanasoma bila umeme? Tena masharti makali yatawakimbiza wawekezaji, na mazungumzo ya mradi wa Lindi tayari yamechukua miaka mingi. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito wote, na jibu langu si kwamba gesi ibaki chini kwa ajili ya kuwafurahisha wengine. Jibu langu ni kwamba anayelipia uchafu wa Lindi si Mzungu wa Norwei, ni mvuvi wa Lindi, na kumwambia avumilie sumu kwa jina la haki ya kihistoria ni kumdhulumu mara ya pili. Ama wawekezaji, Equinor ni kampuni ileile inayofanya kazi chini ya kanuni za Norwei kila siku na kupata faida. Haiwezi kushangazwa na kiwango cha asilimia moja cha chenga. Gharama ya kuweka bomba la kurudishia gesi au turbaini bora ni ndogo mtambo unapochorwa, na ni kubwa mno ukishasimama katikati ya bahari. Ni kweli pia kwamba gesi nyingi itachomwa na mnunuzi wa mbali, na huko ndiko itakakotoka sehemu kubwa ya hewa ukaa yake. Hilo linajadiliwa na mataifa yote, na halimpunguzii mwenye kisima wajibu juu ya kile kinachotoka mikononi mwake.

Kuna jambo ambalo kanuni za kunakili haziwezi kulitatua. Tukikataza chenga zenye mafuta zisimwagwe baharini, zitaletwa nchi kavu, na lazima pawepo mahali palipojengwa kuzipokea na kuzisafisha, na wakaguzi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, wenye boti, maabara na mamlaka ya kufika jukwaani bila kuomba usafiri wa kampuni wanayoikagua. Uchafu ukihamishwa kutoka baharini hadi kwenye shimo lisilozibwa nyuma ya kijiji, hatujalinda kitu. Vilevile fedha za kufunga visima na kuondoa mitambo zinapaswa kuwekwa akiba tangu gesi inapoanza kuuzwa, kwa sababu eneo likizeeka huuzwa kwa kampuni ndogo, na kampuni ndogo hufilisika. Na takwimu za kila jukwaa, za maji, chenga, mwenge na methani, ziwe wazi kwa Mtanzania yeyote kama zilivyo wazi kwa Mnorwei.

La haraka kuliko yote ni kupima hali ya bahari kama ilivyo kabla uchorongaji mkubwa haujaanza: viumbe wa sakafuni, metali katika tope, sumu katika ini la samaki, methani hewani. Olsgard na Gray waliweza kusema kilichobadilika kwa sababu walikuwa na mahali safi pa kulinganisha. Upimaji wa namna hiyo hauwezi kumalizwa kwa safari moja ya meli. Unahitaji misimu ya kusi na ya kaskazi, kwa miaka kadhaa, na ufanywe na vyuo vyetu na taasisi zetu za utafiti wa bahari badala ya mshauri aliyeajiriwa na mwenye mradi. Kila mwaka ambao mradi wa Lindi unachelewa mezani ni mwaka ambao kazi hiyo ingeweza kufanyika katika maji ambayo sehemu yake kubwa bado haijaguswa, na visima vya uzalishaji vikishaanza kuchorongwa haitawezekana tena kwa gharama yoyote.